Sura ya Sita: Usiku wa Jumatano ni Upi

Kufika saa tatu asubuhi, Inspekta Kemilembe alikuwa amekwisha kuambiwa na watu watatu kwamba kazi hiyo ni ndogo, na kati yao hakuna hata mmoja ambaye angeifanya. Wa kwanza alikuwa mkuu wake, aliyelipitisha faili dirishani bila hata kusimama. Wa pili alikuwa karani wa masjala, aliyetumia dakika arobaini kulitafuta faili la pili mpaka likaonekana chini ya chupa yake ya chai, jalada limelowa. Wa tatu alikuwa Nolasco, wakili wa serikali, aliyepiga simu kutoka Bukoba huku akitafuna kitu.

"Barua ya ukurasa mmoja tu, Inspekta. Unathibitisha kwamba matukio mawili yalitokea siku mbili tofauti. Basi. Rufaa ni Jumatatu."

"Si mafaili yanasema hivyo?"

"Yanasema. Lakini mfungwa anasema vingine, na jaji ameuliza."

Kemilembe alikata simu akayafungua mafaili yote mawili kwa pamoja, moja kwenye meza, jingine kwenye paja, maana meza ya ofisi ya upelelezi ilikuwa na mguu mfupi na haikubali uzito.

Habari yenyewe haikuwa ngumu. Telesfori Nsanzimana, kibarua wa mashamba ya kahawa huko Kihanga, alikiri mwaka 2021 kuvunja nyumba mbili usiku na kuiba. Nyumba moja ilikuwa ya Eliud, fundi cherehani wa Nkwenda, wilaya ya Kyerwa. Nyingine ilikuwa ya mjane Laurensia, hapohapo Kihanga, wilaya ya Karagwe. Wilaya mbili zikazaa kesi mbili mbele ya mahakimu wawili. Kwa nyumba ya Laurensia alipewa miaka mitano mwezi Agosti. Kwa nyumba ya Eliud akapewa minne mwezi Oktoba. Hakimu wa pili hakusema lolote kuhusu namna ya kuitumikia, na hakimu akinyamaza hivyo sheria huiambia adhabu ya pili isubiri ya kwanza iishe. Mitano na minne, tisa.

Sasa, baada ya miaka minne gerezani, Nsanzimana ameomba adhabu zake zitumikiwe kwa pamoja, ile ndefu imeze ile fupi. Sababu yake ilikuwa mstari mmoja, umeandikwa kwa herufi kubwa za mtu asiyezoea kalamu: ILIKUWA USIKU MMOJA NA SAFARI MOJA.

Hati za mashtaka zilimkana. Nkwenda: usiku wa tarehe 8 kuamkia tarehe 9 Juni. Kihanga: usiku wa tarehe 9 kuamkia tarehe 10 Juni. Usiku miwili. Mtu alikwenda kuiba, akarudi, akalala, akashinda, akaenda kuiba tena. Mtu wa namna hiyo huwezi kusema ameteleza mara moja.

Kemilembe angeandika barua ya Nolasco palepale kama mlangoni pasingekuwa na benchi, na kwenye benchi asingekuwepo Nikuze, mke wa Nsanzimana, ambaye tangu Jumatatu alikuwa akifika kabla ya watumishi na kuondoka baada yao.

"Shikamoo afande."

"Nikuze, umri wetu ni mmoja. Acha shikamoo. Nilikwambia nitakuita."

"Ulisema hivyo Jumatatu." Kiswahili chake kilikuwa na mdundo wa Kirundi cha wazazi wake. "Leo Alhamisi. Mimi sina fujo, nakaa tu. Mama yake Telesfori alikufa Februari, afande. Tukamzika na majirani, mtoto wake wa pekee yuko ndani. Nikamwahidi kaburini kwamba nitafuatilia."

"Mumeo aliiba."

"Aliiba. Nani amekataa? Ila usiku mmoja ni mmoja."

"Kwa nini hakusema hivyo mahakamani?"

"Alisema."

Kemilembe alirudi mezani akiwa amekasirika, na hasira yenyewe haikujua imuangukie nani. Akafungua mwenendo wa kesi ya Nkwenda. Kweli alisema. Alipoulizwa kama ana neno kabla ya adhabu, hakimu aliandika: *Mshitakiwa anasema usiku mmoja aliingiwa na tamaa. Anaomba huruma.*

Akampigia Nolasco, akamsomea mstari huo.

"Niliona," Nolasco alisema. "Usiku mmoja, kama vile siku moja sungura alikwenda kisimani. Ni namna ya kuanzia hadithi."

"Au ni hesabu. Usiku mmoja, si miwili."

"Inspekta, nyumba ni mbili na wenye nyumba ni wawili. Tukianza kuwapa wezi punguzo la jumla, mwizi atavunja mtaa mzima kwa kifungo cha nyumba moja. Nipe barua."

"Kesho."

"Unakwenda wapi?"

"Kihanga."

Gari la kituo lilikuwepo, dereva alikuwepo, mafuta hayakuwepo. Kemilembe alitoka mpaka stendi ya Kayanga, akachukua bodaboda, akavumilia vumbi la Agosti huku anajilaani. Njiani alikuwa amekwisha kupata jibu lake: bibi Laurensia, mwenye Kiswahili cha kuokoteza, alimwambia koplo aliyechukua maelezo yake hiki, koplo akasikia kile. Alikuwa ameyaona hayo mara nyingi, na ilimchosha kwamba miaka ya watu inaweza kutegemea sikio la koplo.

Laurensia alikuwa uani akianika kahawa juu ya mkeka. Alikuwa mwanamke mnene wa miaka sabini hivi, na alimkaribisha mgeni kama inavyotakiwa, akimletea kahawa za kutafuna kwenye kikapu kidogo kabla ya kumwuliza shida yake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Betri yangu ya sola mmeileta?"

"Ilirudishwa zamani, mama. Uliisaini."

"Ilirudi imekufa. Miezi minne mmeikalia kituoni kama kielelezo, imekufa huko." Aliketi. "Haya, sema."

Kemilembe alimweleza kwamba mwizi wake anaomba kutumikia vifungo viwili kwa pamoja. Laurensia alisikiliza mpaka mwisho, akatema ganda la kahawa.

"Kwa hiyo ya yule fundi wa Nkwenda itamezwa na yangu."

"Ndiyo. Yako ndiyo ndefu."

"Afadhali. Ingekuwa yangu ndiyo inamezwa, ningekuja Bukoba mwenyewe." Akafikiri. "Lakini fundi naye ana haki. Kaibiwa kichwa cha cherehani, halafu anaambiwa kifungo chake kimo ndani ya kifungo cha bibi mmoja wa Kihanga. Mimi ningekasirika."

"Mama, mwizi alikuja usiku wa siku gani?"

"Niliwaambia."

"Niambie mimi."

"Usiku wa kuamkia gulio. Nilikuwa kwa mdogo wangu tunakamua pombe ya rubisi, nikalala hukohuko. Asubuhi nikaja mbiombio nichukue ndizi zangu nipeleke gulioni, nakuta mlango umelala chini."

"Gulio lenu ni Jumatano?"

"Ni Jumatano tangu sijaolewa."

"Ulimwambiaje koplo? Kwa Kinyambo au kwa Kiswahili?"

"Unadhani sijui Kiswahili. Nimeimba kwaya ya Kilutheri miaka arobaini. Nilimwambia kwa Kiswahili kilichonyooka: usiku wa kuamkia gulio. Akaniuliza gulio lini, nikasema Jumatano. Kijana mpole, wa pwani, sauti kama anasoma redioni. Akaandika, akanisomea, nikaweka dole gumba."

"Na hukwenda gulioni."

"Ningekwendaje? Nilikwenda kituoni. Siku ileile, kabla jua halijawa kali. Ndizi zangu zikaivia ndani."

Kemilembe alibaki ameshika kahawa mbili mkononi. Kuamkia Jumatano ni usiku wa Jumanne. Usiku wa Jumanne ndio usiku wa Eliud wa Nkwenda. Lakini bibi wa miaka sabini akikumbuka jambo la miaka minne, Nolasco atalipangusa kwa mkono mmoja. Alihitaji kitu kisichozeeka.

"Mama, ulipewa RB ya kuripoti?"

"Nilipewa kikaratasi. Panya walikula."

Kituo kidogo alichokwenda Laurensia kilikuwa nusu saa kwa miguu. Askari wa zamu alikuwa kijana aliyemwambia kwamba vitabu vya RB vya miaka hiyo viko stoo, na ufunguo wa stoo uko kwa mtu aliyekwenda kwenye harusi Bugene. Kemilembe hakumjibu. Alikwenda kuitazama stoo yenyewe, akaona kwamba bawaba za mlango zimelegea, akauinua mlango mzima akauegemeza ukutani. Kijana alimwangalia bila kujua kama anachokiona ni kosa la jinai.

Kitabu cha 2021 kilikuwa chini ya vielelezo vya kale: mapanga, baiskeli isiyo na gurudumu, magunia. Alipekua akiwa amechuchumaa. Mei. Juni mosi. Juni tano. Halafu:

*9/6/2021, saa 4:10 asubuhi. Laurensia, mkulima, anaripoti kuvunjiwa nyumba na kuibiwa betri na paneli ya sola.*

Alisoma tena. Tarehe 9 Juni mwaka ule ilikuwa Jumatano. Hati ya mashtaka ilisema nyumba ilivunjwa usiku wa tarehe 9 kuamkia 10. Yaani mwanamke alifika kituoni saa nne asubuhi, akalalamika kuibiwa, akapewa RB, akarudi nyumbani, kisha usiku wake ndipo akaibiwa. Karatasi hizo zilipita kwa mpelelezi, kwa mwendesha mashtaka na kwa hakimu, na hakuna hata mmoja aliyeuliza bibi alijuaje mapema. Mshitakiwa alikuwa amekiri, na mtu akishakiri watu hukunja mikono.

"Afande, umepata?" kijana aliuliza.

"Nimepata bibi aliyeibiwa kabla hajaibiwa. Piga picha ukurasa huu, kisha urudishe mlango."

Palikuwa bado na swali la neno. Ndani ya faili, maelezo ya Laurensia yaliandikwa kwa mwandiko mzuri wa Koplo Shebuge, mzaliwa wa Pangani, ambaye sasa alikuwa amehamishiwa Kilwa: *Nyumba yangu ilivunjwa usiku wa Jumatano.* Si kuamkia Jumatano. Usiku wa Jumatano. Basi koplo ndiye aliyeharibu, na Kemilembe alisikia nafuu mbaya ya mtu aliyempata wa kumlaumu. Alimpigia akiwa amesimama chini ya mti wa kivuli uani mwa kituo.

"Shebuge, ni Kemilembe wa Karagwe."

"Afande. Baridi ya huko bado ipo?"

"Ipo. Nikikwambia usiku wa Jumatano, unaelewa usiku upi?"

"Nimekosa nini, afande?"

"Jibu tu."

"Usiku wa Jumatano ni wa Jumatano. Jumanne jua likishazama, Jumatano imeingia. Usiku wake ndio huo."

"Na usiku unaofuata mchana wa Jumatano?"

"Huo ni wa Alhamisi." Alisema kwa upole, bila kejeli. "Ndivyo tulivyokuzwa. Usiku wa Ijumaa kwetu ni Alhamisi magharibi, mtu akisoma dua anasoma usiku huo. Kwani huko mnasemaje?"

Huko walisema kinyume. Kwa Kemilembe, aliyezaliwa Bugene, siku iliingia na jua la asubuhi, na usiku ulikuwa mkia wake. Usiku wa Jumatano ulikuwa ni ule unaokuja ng'ombe wakisharudi Jumatano jioni. Hakuwahi hata siku moja kufikiri kwamba lingeweza kusemwa vingine.

"Mlalamikaji alisema kuamkia gulio," alisema.

"Ndivyo. Gulio Jumatano, kuamkia Jumatano ni usiku wa Jumatano. Nikafupisha. Nilidhani nimeandika vizuri."

"Umeandika vizuri. Ndiyo shida. Na kuamkia tarehe 10 ulikutoa wapi?"

"Tarehe sikuandika mimi, afande. Mimi niliandika siku. Tarehe ziliwekwa huko wilayani, mlipotengeneza rasimu ya mashtaka."

Kemilembe alimshukuru. Alipanda bodaboda mpaka Kayanga, na safari hii hakuliona vumbi. Tangu alipokuwa sajini, mafaili ya wizi yalikuwa yamepita mikononi mwake kwa mamia. Mwaka ule wa 2021 peke yake yalikuwa mengi kuliko migomba ya baba yake. Alijiambia kwamba ofisi ilikuwa na masajini watatu. Alijiambia pia kwamba kila mmoja alikuwa akiandaa rasimu.

Rasimu ilikuwa nyuma kabisa ya faili, imebandikwa kwa pini yenye kutu. Mtu alikuwa amepigia mstari maneno *usiku wa Jumatano* kwenye maelezo ya Laurensia, kisha akaandika pembeni kwa kalamu ya bluu: *= 9 kuamkia 10 Juni.* Tisa ilikuwa na mkia uliopinda kulia. Chini yake, herufi mbili za jina. Hakuhitaji kuzisoma. Tisa ile yeye mwenyewe alikuwa ameiandika asubuhi hiyohiyo kwenye kitabu cha mahudhurio.

Alikaa. Meza ikainama kwenye mguu wake mfupi, akaiacha iiname. Siku nzima alikuwa amewachukia karani, dereva, koplo, hakimu, hata bibi wa watu na Kiswahili chake kilichonyooka. Aliona haya, tena haya ya kuunguza masikio, na hapakuwa na mtu wa kumgawia.

Nolasco alipokea simu mlio wa kwanza.

"Ni usiku mmoja," Kemilembe alimwambia. "Nitakuletea hati ya kiapo, si barua. Ndani yake kuna RB ya saa nne asubuhi tarehe 9, na maelezo ya namna tarehe ilivyokosewa."

Wakili aliacha kutafuna. "Ungeweza kuandika kwamba kumbukumbu hazijitoshelezi."

"Zinajitosheleza."

"Utaulizwa nani aliweka tarehe."

"Najua."

"Na bado naweza kupinga. Usiku mmoja si lazima uwe kifungo kimoja. Alitoka Nkwenda na cherehani ya mtu, safari nzima ya kujirudi anayo, akafika Kihanga akavunja tena. Kila mlango ni uamuzi wake."

"Pinga kwa hoja hiyo, jaji ataipima. Kwa tarehe yangu usipinge."

Aliandika kwa mkono kwanza, kisha kwa kompyuta. Kila aliposema usiku alitaja tarehe mbili, saa, na jua lilikuwa limezama siku gani. Ilipofika saa kumi na moja jioni alikuwa na kurasa tatu. Akatoka nazo mlangoni.

Nikuze alisimama.

"Kaa," Kemilembe alisema, akaketi karibu naye. "Mumeo alisema kweli. Ilikuwa usiku mmoja. Nimeandika hivyo, na jaji atasoma."

Nikuze alifumba macho, akayafumbua. "Kwa hiyo atatoka?"

"Jaji ndiye mwamuzi, na wakili wa serikali atapinga. Lakini akikubali ziende pamoja, kifungo ni miaka mitano, si tisa. Na mfungwa mwenye tabia njema hupunguziwa theluthi moja. Inabaki miaka mitatu na miezi minne, kuanzia Agosti ile aliyofungwa." Kemilembe alikuwa amekwisha kuhesabu mara nne, akitumaini kwamba amekosea. "Inaangukia Desemba."

Nikuze alihesabu kwa vidole juu ya goti. "Septemba, Oktoba, Novemba. Desemba. Si mbali, afande. Nimeweza miaka minne, hiyo nitaiweza."

"Desemba iliyopita, Nikuze."

Vidole vikabaki vimekunjwa pale pale vilipofika.

"Mama yake tulimzika Februari," alisema.

"Uliniambia."

"Basi mwanawe angekuwepo."

Barabarani wauza nyanya walikuwa wanafunga meza zao.

"Na hiyo tarehe," Nikuze aliuliza, "aliiandika nani?"

Majina yalikuwepo ya kutosha ndani ya faili. Kulikuwa na koplo aliye mbali, na hakimu aliyeandika sentensi ya kuanzia hadithi, na hakuna lolote kati ya hayo ambalo lingekuwa uongo mtupu.

"Mimi," alisema.

Nikuze alichukua mfuko wake, akainuka, akavuka ukumbi akaenda kukaa kwenye benchi la upande wa pili, peke yake. Hakuondoka. Hati ilikuwa bado haijapigwa muhuri, na alitaka kuiona ikipigwa.